Namna ya Kuitafuta na Kuipima Regulata ya Presha ya Mafuta Katika Gari la Petroli

Gari la petroli linapoanza kula mafuta kupita kawaida, likatoa moshi mweusi na kuwa gumu kuwaka baada ya kusimama kwa muda mfupi, watu wengi hubadilisha plagi, kisha sensa ya oksijeni, kisha pampu, na mwishoni kabisa ndipo hukumbuka kile kikopo kidogo cha chuma kinachoamua mafuta yazifikie nozeli kwa nguvu kiasi gani. Kikopo hicho ndicho regulata ya presha ya mafuta. Kukipima kunahitaji geji moja, pampu ndogo ya mkono ya kuvuta hewa na utulivu wa saa moja hivi, kwa hiyo sioni sababu ya mtu yeyote kukibadilisha kwa kubahatisha.

Mwongozo huu unahusu injini za petroli ambazo nozeli zake hunyunyiza mafuta kwenye njia ya hewa, nje ya silinda. Injini za dizeli zenye reli ya pamoja, na zile za petroli zinazonyunyiza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, zina upande wa presha kubwa mno, kuanzia makumi ya bar (bar ni kipimo cha presha) hadi zaidi ya bar 2000 kwa baadhi ya dizeli. Mafuta yanayochuruzika kwa presha hiyo hupenya ngozi na kumjeruhi mtu vibaya. Upande huo usiguswe kwa njia ninazozieleza hapa.

Kwanza, elewa inafanya nini

Pampu iliyo ndani ya tangi husukuma mafuta mengi kuliko injini inavyoyahitaji, na ni lazima iwe hivyo, kwa sababu mahitaji hubadilika ghafla dereva anapokanyaga mafuta. Mafuta hayo hupita kwenye chujio, huingia kwenye reli inayozibeba nozeli, na katika magari mengi ya miaka ya 1980 na 1990 huishia kwenye regulata iliyofungwa mwisho wa reli hiyo. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira kinachokigawa chumba mara mbili. Upande mmoja umejaa petroli. Upande wa pili una springi, na upande huo wa springi umeunganishwa na manifoldi ya kuingizia hewa kwa mpira mwembamba. Presha ya mafuta inapoishinda springi, kiwambo husogea, vali ndogo hufunguka, na mafuta ya ziada hurudi tangini kwa bomba la kurudishia.

Mpira ule mwembamba ndio unaowachanganya watu, nao ndio ufunguo wa upimaji wote. Kompyuta ya gari haipimi kila tone linalotoka kwenye nozeli. Inahesabu tu muda ambao nozeli itakaa wazi, kwa sehemu za elfu moja za sekunde. Hesabu hiyo huwa sahihi iwapo tu tofauti ya presha kati ya ndani ya reli na mdomo wa nozeli haibadiliki. Injini inaponguruma bila kukanyagiwa mafuta, ndani ya manifoldi mna mvuto mkubwa wa hewa, na mvuto huo huyavuta mafuta pia. Dereva akikanyaga mafuta hadi mwisho, mvuto hupotea karibu wote. Regulata basi hupunguza presha ya reli wakati wa mvuto na kuipandisha mvuto unapopotea. Chukua regulata iliyopangwa bar 3: pampu ikifanya kazi huku injini imezimwa, geji itasoma bar 3, injini ikinguruma taratibu na mvuto wa manifoldi ukiwa takriban bar 0.6, geji itasoma kama bar 2.4, ukikanyaga mafuta hadi mwisho, itarudi karibu na bar 3. Kwenye mdomo wa nozeli, tofauti imebaki bar 3 muda wote. Katika injini yenye tabo, presha ya mafuta hupanda juu ya kiwango hicho kwa kadiri ileile tabo inavyoongeza presha ya hewa.

Kwa hiyo usomaji mmoja wa geji haukuambii mengi. Kinachokuambia habari ya regulata ni namna mshale unavyosogea unapobadilisha hali moja baada ya nyingine.

Mahali pa kuitafuta

Fungua boneti, zitafute nozeli, kisha fuata reli inayoziunganisha hadi mwisho wake. Ukiona kikopo cha chuma cha mviringo chenye mpira mwembamba juu yake na bomba linalotoka chini au ubavuni kurudi nyuma ya gari, umeipata. Katika baadhi ya injini huwa imefichwa nyuma, karibu na ukuta unaotenganisha injini na abiria, au chini ya manifoldi, na huonekana kwa kioo kidogo na tochi. Katika injini za zamani zenye nozeli moja au mbili zilizokaa juu ya mdomo wa hewa, regulata imejengwa ndani ya kifaa hichohicho cha kuingizia hewa, na presha yake ni ndogo, mara nyingi karibu na bar 1 au chini yake.

Ukiona bomba moja tu la mafuta linaloifikia reli, na hakuna la kurudisha, usiendelee kuhangaika chini ya boneti. Gari hilo lina mfumo usiorudisha mafuta kutoka kwenye injini, na regulata yake imo ndani ya tangi, pamoja na pampu na mara nyingi chujio. Haina mpira wa mvuto, na presha yake hubaki ileile, kwa kawaida kati ya bar 3.5 na 4, injini ikinguruma taratibu au kwa kasi. Katika magari mengine mapya, kompyuta huongoza mwendo wa pampu yenyewe kwa kuitegemea sensa iliyoko kwenye reli. Usiichanganye sensa hiyo na regulata: sensa ina plagi ya umeme, regulata ya kawaida haina. Pia kuna magari yenye kipunguza mtikisiko wa mafuta kinachofanana mno na regulata, lakini hakina bomba la kurudishia.

Dalili zinazofaa kukuleta kwenye kipimo hiki

Kiwambo kikitoboka, petroli huvutwa kupitia mpira mwembamba moja kwa moja hadi kwenye manifoldi. Moshi huwa mweusi, plagi hupakwa masizi makavu, injini hutetemeka inaponguruma taratibu, na petroli isiyoungua huteremka kwenye kuta za silinda hadi ndani ya oili. Vuta kijiti cha kupimia oili ukinuse; oili yenye harufu ya petroli, au iliyopanda juu ya alama bila kuongezwa, imeharibika hata kama rangi yake bado ni nzuri. Springi ikichoka au vali ikikwama wazi, presha hushuka: gari hukosa nguvu mlimani, husita linapoharakishwa, na taa ya injini huweza kuwaka na msimbo wa hitilafu P0171 kwenye kompyuta ya gari, maana yake mchanganyiko una mafuta kidogo. Vali ikikwama imefungwa, presha hupanda na msimbo unaotokea mara nyingi ni P0172, wa mafuta kuzidi. Katika magari yenye sensa ya presha, P0087 ni presha ndogo na P0088 ni presha kubwa.

Misimbo hii hueleza matokeo bila kutaja kifaa kilichoharibika. P0171 huletwa vilevile na hewa inayopenya kwenye manifoldi, chujio lililoziba au pampu iliyochoka. Niliwahi kubadilisha pampu nzima kwa sababu ya msimbo huo, kabla ya kuifunga geji, na kosa lilikuwa kwenye regulata. Tangu hapo geji hutangulia kila kitu.

Kabla ya kulegeza chochote

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na unaweza kuifikia cheche iliyoko mbali na mahali ulipoinamia. Fanya kazi mahali pa wazi penye upepo, injini ikiwa imepoa, pasipo sigara, jiko wala taa yenye balbu ya moto. Weka karibu kizimamoto cha unga au cha povu. Maji hayafai kwa moto wa petroli, kwa kuwa petroli huelea juu yake na kuusambaza moto. Vaa miwani ya kukinga macho.

Kisha toa presha iliyobaki ndani ya mfumo. Chomoa fyuzi au relei ya pampu ya mafuta, washa injini, uiache ingurume hadi izime yenyewe kwa kukosa mafuta, halafu izungushe kwa stata sekunde chache zaidi. Zima ufunguo na uondoe waya wa hasi wa betri. Hata baada ya hayo, zungushia kitambaa kila kiungo unachokifungua, kwa sababu mafuta kidogo yatatoka.

Kupima

Kabla ya geji kuna kipimo kisicho na gharama, na mara nyingi kinamaliza kazi chenyewe. Chomoa mpira mwembamba kwenye regulata baada ya injini kunguruma dakika chache na kuzimwa, uangalie ndani na uunuse. Mpira huo hupitisha hewa tu. Ukiwa na petroli ndani, hata matone machache, kiwambo kimetoboka na regulata inabadilishwa. Hakuna sababu ya kutafuta ushahidi mwingine. Harufu hafifu peke yake haitoshi, maana mvuke wa kwenye manifoldi huweza kuufikia mpira. Ukiukuta umepasuka, umelegea au umeziba, uubadilishe kwanza kisha upime upya, kwa kuwa regulata nzima isiyopata mvuto huiweka presha juu wakati wote na kuonekana kana kwamba imeharibika.

Sasa geji. Inayofaa ni ya petroli, yenye kipimo cha hadi bar 7, ambazo ni takriban psi 100; bar 1 ni sawa na kPa 100, au psi 14.5. Reli nyingi zina mdomo mdogo wenye kifuniko, unaofanana na wa kujazia upepo kwenye tairi, na geji hufungwa hapo. Zisizo na mdomo huo huhitaji kiungo cha njia tatu kati ya bomba linaloleta mafuta na reli, kikazwe kwa klampu zinazofaa mafuta yenye presha. Rudisha fyuzi na waya wa betri, washa ufunguo bila kuizungusha injini, na ukague kila kiungo. Pampu itanguruma kwa takriban sekunde 2 kisha inyamaze. Rudia mara mbili tatu ili reli ijae. Kikionekana kiungo chochote kinalowa, zima na urekebishe kabla ya kwenda mbele.

Washa injini na uiache ingurume taratibu huku mpira wa mvuto ukiwa mahali pake. Andika usomaji. Chomoa mpira kwenye regulata, uuzibe mdomo wake ili injini isivute hewa ya ziada, na uangalie mshale. Katika regulata nzima, mshale hupanda mara moja, kwa kawaida bar 0.4 hadi 0.6, ukatua mahali papya bila kuyumba. Mahali penye mwinuko mkubwa kutoka usawa wa bahari kupanda huko huwa kudogo, maana mvuto wa manifoldi hupungua. Usomaji wa bila mpira ndio unaolinganishwa na kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha ufundi cha gari, isipokuwa kitabu kitaje hali nyingine. Wengi hulinganisha ule wa kwanza, wakahitimisha kwamba presha ni ndogo ilhali haina tatizo.

Mshale usiposogea kabisa, hakikisha kwanza kwamba mpira una mvuto, kwa kuuweka kidole. Mvuto ukiwapo, funga pampu ya mkono kwenye mdomo wa regulata na uvute hadi inchi 20 za zebaki, ambazo ni kama kPa 68. Presha ya mafuta inapaswa kushuka kwa kadiri hiyohiyo, karibu bar 0.7, na mshale wa pampu ya mkono ubaki uliposimama. Ukirudi wenyewe, kiwambo kinavuja. Nakipenda kipimo hiki kuliko vingine vyote, kwa sababu kinaitenga regulata na kila kitu kingine: hakuna manifoldi wala mpira mkuukuu wa kulaumiwa, na sababu na matokeo unavitazama kwa pamoja kwenye geji mbili.

Presha ikiwa chini ya kiwango hata bila mpira, swali ni kama mafuta hayafiki au yanafika na kurudishwa kupita kiasi. Ikiwa bomba la kurudishia lina sehemu ya mpira laini, ibane kwa koleo lenye midomo iliyofunikwa, polepole, ukiutazama mshale, na uachilie mara tu unapopanda. Mshale ukipanda upesi kupita kiwango, pampu ina nguvu na regulata ndiyo inayoachia. Usiposogea, au ukipanda kwa kuvutavuta, tazama chujio, waya na umeme unaoifikia pampu, kisha pampu yenyewe. Usibane kwa zaidi ya sekunde mbili tatu: presha ya pampu iliyozuiwa huweza kufika maradufu ya ile ya kawaida, na viungo vikuukuu hupasuka. Mabomba ya plastiki ngumu yasibanwe hata kidogo, kwani yatavunjika.

Presha ikiwa juu, usiihukumu regulata kabla ya kulichunguza bomba la kurudishia. Zima injini, toa presha, lichomoe bomba hilo kwenye regulata, na uunganishe badala yake mpira wa petroli unaoishia ndani ya kopo la chuma lililowekwa mbali na injini. Endesha pampu kwa sekunde chache. Presha ikirudi kwenye kiwango chake, regulata ni nzima, na bomba la kurudi tangini limebonyea au limeziba. Ikibaki juu, vali ya regulata imekwama.

Kinabaki kipimo cha kushikilia presha, kinachohusu gari gumu kuwaka. Zima injini na uangalie geji kwa dakika tano. Kushuka kidogo ni jambo la kawaida, lakini presha inayoporomoka hadi sifuri inavuja mahali fulani, na mahali hapo ni pachache: vali ya pampu inayozuia mafuta yasirudi tangini, regulata, au nozeli zinazochuruzisha. Jaza reli tena, zima, na mara hiyo ubane mpira wa kurudishia. Presha ikishikilia, regulata ndiyo inayovujisha. Rudia kwa kubana mpira unaoleta mafuta. Ikishikilia sasa, ni vali ya pampu. Ikishuka hata mipira yote miwili ikiwa imebanwa, na nje hakuna unyevu, zichomoe plagi uzikague: ile iliyolowa petroli itakuonyesha silinda yenye nozeli mbovu.

Kwa magari yenye regulata ndani ya tangi, vipimo vya mpira wa mvuto havina nafasi. Presha ndogo haitakuambia kwa uhakika kama ni pampu au regulata hadi kifaa kizima kitolewe tangini, na mara nyingi huwa busara kuvibadilisha vyote kwa pamoja kwa kuwa vimezeeka pamoja. Presha kubwa, hata hivyo, haiwezi kusababishwa na pampu iliyochoka, hivyo katika magari ambayo kompyuta haiongozi mwendo wa pampu hiyo huelekea moja kwa moja kwenye regulata.

Ikibidi ibadilishwe

Nunua yenye presha ileile ya awali, na usidanganyike kwamba presha kubwa zaidi italiongezea gari nguvu. Kompyuta itapambana nayo kwa kupunguza muda wa nozeli hadi ifike mwisho wa uwezo wake. Namba ya bar mara nyingi imegongwa kwenye kikopo. Toa presha, ondoa mpira na bomba la kurudishia, legeza skrubu mbili au pini ya kushikilia, kisha uizungushe regulata taratibu ukiivuta. Angalia kama pete ya mpira imetoka nayo au imebaki ndani ya reli, kwa sababu pete mbili zikikaa mahali pa moja mafuta yatavuja. Tumia pete mpya, zilainishwe kwa tone la oili safi ya injini, na uisukume regulata kwa mkono hadi ikae sawa kabla ya kukaza skrubu. Skrubu zisitumike kuivutia ndani.

Washa ufunguo mara kadhaa bila kuiwasha injini, ukague kwa tochi na kwa kidole, kisha urudie usomaji wa kwanza na wa pili na uvilinganishe na ulivyoandika. Kama oili ilikuwa na harufu ya petroli, ibadilishe pamoja na chujio lake kabla gari halijaenda popote, kwa kuwa oili iliyochanganyika na petroli hailindi beringi za injini.